Sokoni jana au jana sokoni? Mahali na wakati katika sentensi

Swali: Shikamoo. Nasoma Kijerumani, ngazi ya A2, na dada yangu anasoma Kichina. Sekondari mwalimu wa Kiingereza alitukaririsha kwamba mahali hutangulia, wakati hufuata. Sasa mwalimu wa Kijerumani anasema kinyume: wakati kwanza, mahali mwisho. Dada naye kila siku anasahihishwa kwa kutaja mahali baada ya kitenzi. Je, kila lugha inajiamulia tu? Na Kiswahili kina kanuni gani? Kwa nini "Jana nilikwenda sokoni" na "Nilikwenda sokoni jana" zote naziona sawa, lakini "Nilikwenda jana sokoni" inanikwaruza sikio?

Jibu: Marahaba. Sikio lako halikudanganyi, na hilo ulilolitia mwishoni kama nyongeza ndilo lenye ufunguo wa mengine yote.

Kanuni mlizokaririshwa si za uongo. Kasoro yake ni kipimo: zinahesabu nani katangulia na nani kafuata, kana kwamba sentensi ni foleni ya benki. Kinachotawala zaidi katika lugha ni ukaribu na kitenzi, yaani nani kakaa ubavuni mwake na nani kakaa mbali. Ukipima hivyo, Kiingereza na Kijerumani havigombani tena. Tazama sentensi yako ya sokoni katika lugha nne:

Kiingereza: I went to the market yesterday.
Kituruki: Dün pazara gittim.
Kijapani: Kinō ichiba ni itta.
Kijerumani: Ich bin gestern auf den Markt gegangen.

Kituruki, neno kwa neno, ni "jana sokoni nilikwenda". Kijapani ni hivyo hivyo: kinō ni jana, ichiba ni soko, neno "ni" la Kijapani huonyesha uelekeo, itta ni kwenda kwa wakati uliopita. Katika zote nne soko limegusana na kitenzi cha kwenda, na jana iko upande wa nje. Tofauti ni kwamba kitenzi cha Kiingereza kiko kushoto, kwa hiyo vinavyokihusu hupangwa kuelekea kulia. Cha Kituruki na Kijapani kiko mwisho, kwa hiyo hupangwa kuelekea kushoto. Ni mtu na sura yake kwenye kioo. Claude Boisson, mwanaisimu wa Kifaransa, alilionyesha hili mwaka 1981 kwa wakati, mahali na namna: zikitangulia kitenzi mara nyingi hujipanga kwa mfuatano huo, zikifuata kitenzi mfuatano hugeuka.

Kijerumani kinachanganya watu kwa sababu kitenzi chake kina makazi mawili. Katika sentensi kuu kitenzi kinachobeba nafsi hukaa nafasi ya pili: "Ich gehe morgen auf den Markt". Hapo inaonekana kama kesho iko karibu na kitenzi kuliko soko. Lakini ongeza kiunganishi kama "weil", kitenzi kinarudi kwao: "weil ich morgen auf den Markt gehe", yaani "kwa kuwa kesho nakwenda sokoni". Kwao ni mwisho wa sentensi. Katika sentensi kuu kitenzi kimehama, majirani wamebaki walipokuwa. Ndiyo maana nakushauri kila unapobabaika, ibadilishe sentensi iwe na "weil", ipange, kisha kirudishe kitenzi nafasi ya pili. Haichukui nusu dakika, na makosa mengi ya A2 yanaishia hapo.

Sasa jambo ambalo vitabu vya kuanzia huliruka: mahali pako pa aina mbili. Kuna mahali panapodaiwa na kitenzi na mahali ambapo tendo limetokea tu. "Alikwenda" peke yake inaacha deni, msikilizaji atauliza wapi. "Alinunua samaki" haiachi deni. Ukisema sokoni umeongeza taarifa. Kipimo kizuri kwa Kiswahili ni kutumia "alifanya hivyo". Unaweza kusema "Juma alinunua samaki sokoni, na Asha alifanya hivyo mnadani." Huwezi kusema "Juma alikwenda sokoni, na Asha alifanya hivyo mnadani." Sentensi ya pili inavunjika kwa sababu sokoni ni sehemu ya tendo lenyewe, imekwisha kumezwa na "alifanya hivyo". Vitenzi vinavyodai mahali ni kama kwenda, kufika, kuingia, kutoka, kurudi, kukaa, kuishi na kuweka, pamoja na vingi vya kauli ya kutendea: kukimbilia, kuishia, kuangukia. "Alikimbia msituni" inaweza kuwa alikuwa huko akikimbia, au alitimka akatoka huko. "Alikimbilia msituni" ina maana moja tu.

Mahali panapodaiwa ndipo panapong'ang'ania kitenzi. Pale pa mandhari, yaani tendo lilipotokea tu, pana uhuru. Ndiyo sababu magazeti ya Kiswahili huandika "Alisema hayo jana jijini Dodoma" leo, na kesho yake "Alisema hayo jijini Dodoma jana", na hakuna mhariri anayeshtuka: kusema hakudai mahali. Na ndiyo sababu "Nilikwenda jana sokoni" inakwaruza: umemwingiza mpangaji kati ya mume na mke.

Hapa msemaji wa Kiswahili ana mtego wake, kwa sababu kiambishi chetu -ni hakitofautishi aina hizo mbili. Nasoma shuleni, nakwenda shuleni, natoka shuleni: neno ni lile lile, kazi yote ya uelekeo imeachiwa kitenzi. Kijerumani hutofautisha kwa kirai chenyewe: "in die Schule" ni kuelekea, "in der Schule" ni kuwa ndani. Kijapani nacho: "gakkō ni iku", nakwenda shuleni, lakini "gakkō de taberu", nakula shuleni. Usione hizo ni adha za sarufi. Ndizo zinazokuambia mahali pako pa aina gani, na kwa hiyo pakae wapi.

Mfano: ile kanuni ya Wajerumani iitwayo TeKaMoLo, yaani wakati, sababu, namna, mahali. Ni gongo zuri la kutembelea kwa miezi michache. "Er ist gestern mit dem Bus nach Köln gefahren": jana, kwa basi, Köln, sawasawa kabisa, kwa kuwa Köln ni mwisho wa safari na inadaiwa na kitenzi. Lakini "jana aliimba jikoni kwa sauti ya chini" huwa "Sie hat gestern in der Küche leise gesungen". Jiko limetangulia, namna imekaa karibu na kitenzi. Mwanafunzi anayeshika TeKaMoLo kama sala ataandika kinyume na kushangaa kwa nini Mjerumani anakunja uso. Jiko hapa ni mandhari, halidaiwi na kuimba.

Chukua sentensi moja ya kweli uone uhuru na ukakamavu kwa pamoja. Mwalimu Nyerere alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922. Kiingereza: "was born in Butiama on 13 April 1922", na pia "was born on 13 April 1922 in Butiama"; zote mbili zinakubalika. Kijerumani: "wurde am 13. April 1922 in Butiama geboren". Kituruki: "13 Nisan 1922'de Butiama'da doğdu". Kuzaliwa si kwenda, kwa hiyo kule kwenye Kiingereza kamba imelegea. Jaribu uhuru huo huo kwa "went": "He went yesterday to the market" itaeleweka, ila inasikika kama imeandikwa na mtu aliyesomea Kifaransa, maana Kifaransa huruhusu "Je suis allé hier au marché" bila shida yoyote. Wenzetu wa Kongo na Burundi wanaohamia Kiingereza hulijua kosa hili vizuri.

Dada yako ndiye mwenye kazi ngumu kuliko wewe, na nitakueleza kwa takwimu. Mwanaisimu Joseph Greenberg mwaka 1963 alilinganisha lugha 30, Kiswahili kikiwamo, akatoa kanuni 45 za jumla. Ya 7 inahusu lugha ambazo kitenzi lazima kikae mwisho: humo vielezi vyote navyo hutangulia kitenzi. Baadaye Matthew Dryer, akishirikiana na Orson Gensler, alipanga lugha 500 kwa kutazama kitenzi, shamirisho (kinachotendwa) na chagizo (mahali, wakati, chombo na kadhalika). Lugha ambazo shamirisho hufuata kitenzi na chagizo nalo hufuata, kama Kiswahili na Kiingereza, zilikuwa 210. Lugha ambazo shamirisho hufuata kitenzi lakini chagizo hutangulia zilikuwa 3 tu, na zote ni za ukoo wa Kichina: Mandarini, Kikantoni na Kihakka. Kwa hiyo dada hakosei kwa uzembe. Amekutana na mpangilio ambao karibu hauko kwingine duniani.

Kwa Kimandarini, "Jana nilinunua samaki sokoni" ni "Wǒ zuótiān zài shìchǎng mǎi le yú": mimi, jana, kwenye soko, kununua, samaki. Kosa la kawaida la Mswahili ni kumalizia "...mǎi le yú zài shìchǎng". Hata hivyo ile tofauti ya aina mbili za mahali inafanya kazi hata hapa. Mahali pa mandhari, penye "zài", hutangulia kitenzi. Mwisho wa safari hufuata: "Wǒ zuótiān qù le shìchǎng", jana nilikwenda sokoni. Kitenzi cha kuishi kinakubali pande zote mbili, "wǒ zhù zài Běijīng" na "wǒ zài Běijīng zhù". Na wakati nao una aina mbili. Wakati wa kuonyesha lini hutangulia kitenzi daima. Wakati wa kuonyesha muda gani hufuata. "Niliishi Beijing miaka mitatu" ni "Wǒ zài Běijīng zhù le sān nián", ile "sān nián", miaka mitatu, ikiwa mwisho. Mwambie dada ajiulize maswali mawili kabla ya kufungua mdomo: ni lini au ni muda gani? ni hapo ilipotokea au ndiko ilikoishia? Majibu ya maswali hayo yatampangia sentensi.

Turudi nyumbani. Kiswahili kina kanuni, ila si moja. Ya kwanza umeshaiona: mahali panapodaiwa pasiachanishwe na kitenzi. Ya pili ni kwamba mwanzo wa sentensi ni kiti cha mandhari, na wakati hukikalia kwa urahisi zaidi kuliko mahali. "Jana nilikwenda sokoni" inamtayarisha msikilizaji: sasa nazungumzia jana. Ndiyo inayofaa ukitaka kulinganisha, "Jana nilikwenda sokoni, leo nakwenda shamba." Ukiiweka mwisho, "Nilikwenda sokoni jana", wakati unakuwa taarifa ya kukamilisha tu. Kwenye kukanusha tofauti hiyo inaonekana wazi zaidi. "Jana hakuja" inazungumzia jana na kusema kwamba siku hiyo hakuonekana. "Hakuja jana" inaweza kuacha mlango wazi: huenda alikuja juzi. Wakili anayeandika maelezo ya shahidi asizichanganye.

Ya tatu ni mkazo. Ukiulizwa "Ulikwenda lini sokoni?" unaweza kujibu "Nilikwenda jana sokoni", na hapo sikio halikwaruzwi hata kidogo. Kwa nini? Kwa sababu soko limeshatajwa, linaburutwa tu kwa sauti iliyoshuka, na jana ndiyo jibu. Kiswahili, kama ndugu zake wengi wa Kibantu, hupenda kipya kikae mara tu baada ya kitenzi. Tazama maneno ya kuulizia yanavyopenda kukaa hapo: umefika lini, unakwenda wapi, umekula nini. Katika lugha ya Aghem ya Kameruni, iliyochambuliwa na John Watters mwaka 1979, nafasi hiyo ya baada ya kitenzi ni sheria hasa. Kituruki hufanya hivyo hivyo kwa upande wa pili wa kioo: "Pazara dün gittim", sokoni jana nilikwenda, mkazo ukiwa jana, iliyosogezwa kugusana na kitenzi. Hata mkazo, basi, unagombea ubavu ule ule.

Ya nne ni uzito. "Nilikwenda jana sokoni" inakwaruza, lakini soma hii: "Nilikwenda jana kwenye lile soko jipya walilojenga nyuma ya kituo cha mabasi." Inapita kwa ulaini. Kirai cha mahali kimekuwa kizito, na kizito husukumwa nyuma. Ukisema "Nilikwenda kwenye lile soko jipya walilojenga nyuma ya kituo cha mabasi jana", umeharibu zaidi: sasa haijulikani ni wewe uliyekwenda jana au ni wao waliojenga jana. Mjerumani Otto Behaghel aliieleza tabia hii mwaka 1909, vifupi mbele na virefu nyuma. John Hawkins naye mwaka 2000 alipochambua sentensi halisi za Kiingereza aliona kwamba urefu unaeleza mpangilio vizuri kuliko ile kanuni ya shule ya namna, mahali, wakati. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kanuni ambayo walimu wetu wangefundisha kwanza, maana inasaidia katika lugha zote za kitenzi cha mwanzo au cha kati.

Nimegusa utata, na nitakaa hapo kidogo kwa sababu ndipo watafsiri na waandishi wa habari wanapoumia. "Polisi wamemkamata mtu aliyeiba ng'ombe jana usiku." Jana usiku waliiba au walikamata? "Ofisa alisema jana barabara itafungwa": sentensi ya hotuba ya jana, au jana ndiyo siku ya kufunga? Hapo nyakati za vitenzi zinatuokoa, lakini "Aliahidi kulipa deni Ijumaa" haina mwokozi: ahadi ilitolewa Ijumaa, au malipo ni Ijumaa? Dawa ni moja: kila chagizo lisogezwe karibu na kitenzi chake na mbali na kitenzi cha jirani. "Jana usiku polisi walimkamata mtu aliyeiba ng'ombe." "Ijumaa aliahidi kulipa deni", au "Aliahidi kwamba atalipa deni Ijumaa". Kijerumani kina bahati, kitenzi cha mwisho hujenga ukuta na kuonyesha wakati ni wa upande gani. Kiswahili hakina ukuta huo, kwa hiyo chombo chetu ni kusogeza.

Mtego wa pili wa watafsiri ni -po-. Kiswahili kimeazima ngeli ya mahali kusema wakati: hapo zamani za kale, pale alipofika, ndipo nilipoelewa. "Alipofika" mara nyingi ni wakati, lakini "mahali alipofika" ni mahali kwa umbo lile lile. Viambishi -ko- na -mo- kwa kawaida hubaki mahali. Ukikutana na -po- ya utata, tafuta kauli ya kutendea: "alipofanya kazi" ni wakati hadi itajwe vinginevyo, "alipofanyia kazi" ni mahali. Kosa la kugeuza "alipofanyia kazi" kuwa "when" nimelisoma katika tafsiri zaidi ya moja.

Kuna jambo moja ambalo mahali panaweza na wakati hauwezi: kuwa kiima. "Wageni wamefika nyumbani" inaweza kupinduliwa ikawa "Nyumbani kumefika wageni", na kitenzi kikaacha kuwafuata wageni, kikafuata nyumbani kwa ku-. Mezani pana kitabu. Chumbani mmelala watoto, ingawa wengi siku hizi husema kumelala. Joan Bresnan na Jonni Kanerva waliichambua tabia hii katika Kichichewa mwaka 1989: "Alendowo anabwera kumudzi", wageni wale walikuja kijijini, dhidi ya "Kumudzi kunabwera alendowo". Wakati haupinduliwi hivyo. Hatuna "Jana kumefika" ambamo ku- ni ya jana.

Kwa nini tuipindue? Kwa sababu mgeni ni mpya. Mgeni uliyekuwa ukimsubiri "amefika". Mgeni usiyemtarajia, "nyumbani kumefika mgeni". Kichina hufanya hivyo hivyo kwa ukamilifu wa kushangaza: "Kèrén lái le", mgeni amekuja, lakini "Jiā lǐ lái le kèrén", nyumbani kumekuja mgeni. Dada ataipata hii bila jasho, afikiri tu kwa Kiswahili. Kiarabu nacho hukulazimisha: unasema "Zaydun fi'd-dari", Zaidi yuko nyumbani, lakini mtu asiyejulikana hawezi kuanza, lazima useme "fi'd-dari rajulun", nyumbani kuna mtu. Waliopita madrasa wanakumbuka pia kwamba sarufi ya Kiarabu huweka mahali na wakati chini ya jina moja, dharfu, yaani chombo kinachobeba tendo. Ila Ibn Malik, mwanasarufi aliyefariki Dameski mwaka 1274, ana ubeti wa kuonya kwamba jina la wakati halitumiki kama habari ya kitu chenye mwili, isipokuwa likileta maana. "Safari ni kesho" sawa. "Ali ni kesho" hapana. Na ile "isipokuwa" yake nayo ipo kwetu: kwenye foleni ya kliniki, "Wewe ni kesho, yeye ni leo" haimtatizi mtu.

Kiingereza hakina mlango mpana namna hiyo. "Nyumbani kumefika wageni" usiitafsiri neno kwa neno. Sema "Some guests have arrived" na mahali pakishajulikana, pawache.

Kuhusu kuanza sentensi kwa Kijerumani, kosa moja tu, lakini linajirudia: koma. Kwa kuwa Kiingereza kinaruhusu "Tomorrow, I am going", mwanafunzi huandika "Morgen, ich fahre". Hapana. Chochote ukikiweka mbele, kitenzi kifuate papo hapo, nafsi ije baada yake, na koma isiwepo: "Morgen fahre ich". Kiholanzi ni vilevile, "Morgen ga ik", na Kiswidi, "I morgon åker jag". Nafasi ya kwanza ni ya mtu mmoja. "Morgen" akikaa, "ich" anahama.

Bado mpangilio ndani ya wakati wenyewe. Kichina, Kijapani, Kikorea na Kihungari huanza na kikubwa: mwaka, mwezi, siku. Kiswahili huanza na kidogo: Jumamosi tarehe 9 Desemba 1961, siku ya uhuru wa Tanganyika. Kwenye saa tunachanganya: "kesho saa mbili asubuhi", siku kwanza, kisha saa, kisha kipindi cha siku, kwa kuwa asubuhi ipo kueleza ni saa mbili ipi. Mchina husema "míngtiān zǎoshang bā diǎn", kesho asubuhi saa, na saa hiyo kwake ni nane, si mbili. Tofauti ya saa sita isisahaulike kwa kushughulikia mpangilio. Na ukiandika tarehe kwa tarakimu kwa ajili ya visa au chuo, jihadhari: 09/12/1961 kwa Mmarekani ni Septemba. Mtindo wa kimataifa, 1961-12-09, huondoa ubishi. Anwani ya Kichina nayo hushuka kutoka mkoa hadi mji, mtaa, namba ya nyumba, na jina la mtu mwisho. Dada akijaza fomu ya Kichina kwa mpangilio wa S.L.P. yetu, barua itazunguka.

Mwisho nakupa sentensi moja mkaifanyie kazi wote wawili. Kiswahili: Kesho saa mbili asubuhi dada anakwenda Tanga kwa basi. Kwenda kunaidai Tanga, kwa hiyo imekaa ubavuni, basi likafuata, na wakati umepewa kiti cha mbele. Kiingereza: "My sister is going to Tanga by bus at eight tomorrow morning." Kijerumani, ukianza na "weil": "weil meine Schwester morgen um acht Uhr mit dem Bus nach Tanga fährt". Kitenzi mwisho, Tanga ubavuni, basi nje yake, saa nje zaidi. Sasa kihamishe: "Meine Schwester fährt morgen um acht Uhr mit dem Bus nach Tanga." Kichina: "Wǒ jiějie míngtiān zǎoshang bā diǎn zuò chē qù Tanga", dada yangu, kesho asubuhi saa nane ya kwao, kupanda gari, kwenda Tanga. Neno "jiějie" ni la dada mkubwa tu; kama mdogo kwako, liwe "mèimei".